Mfuko Aliokupa Ludovick

Idrisa mwanangu,

Umetoka kwenda Upanga kuwaaga rafiki zako, na mama yako yuko uani anakukaangia samaki wa safari. Nina kama saa mbili kabla hujarudi. Habari za baridi ya Arusha na za kula kwa wakati sitaziandika, mama yako ameshakwambia mara nyingi kuliko ulivyotaka kusikia. Nakuandikia kuhusu jana.

Jana uliingia hapa sebuleni unacheka, begani umetundika mfuko wa turubai, mdomo wazi, hauna zipu wala kifungo. Ukasema, "Baba, wabunifu wote wa ofisi ninayokwenda kuanza Arusha wanabeba hii. Bosi mwenyewe kanipa, anaitwa Ludovick. Anasema mnafahamiana tangu zamani, kakusalimu sana." Nami nikakujibu, "Kitoe hicho kitu ndani ya nyumba yangu."

Ukanitazama kama umepigwa. "Ni mfuko tu, baba."

Nikaenda chumbani nikafunga mlango. Najua ulivyonifikiria. Ulidhani mzee wako ni wale wanaoona mwanamume akibeba mfuko wa kitambaa amekuwa mwanamke anayekwenda sokoni. Sivyo, mwanangu. Mimi niliubeba mfuko wa namna hiyo miaka kumi na mmoja, na niliupenda kuliko viatu vyangu.

Nilianza kuchora mabango Kariakoo nikiwa kijana kama wewe. Kazi yangu ilikuwa kwenye kibaraza cha nyumba ya udongo na bati, karibu na mafundi wanaoshona maturubai ya malori. Hao ndio walionishonea mfuko wangu wa kwanza kwa vipande vilivyobaki. Siku zile begi la ngozi lilikuwa ni kitu cha kuagiza kwa mtu anayesafiri, lakini hata lingekuwepo nisingelitaka. Karatasi ya manila ukiiviringisha haiingii kwenye brifkesi. Rula ndefu haiingii. Mkono wenye rangi mbichi hauwezi kufungua zipu bila kuiharibu, na mchoraji hana mkono mkavu mchana kutwa. Mfuko wa turubai unautundika begani, mikono yote miwili inabaki ya kazi, unapanda ngazi nao, unautupa chini, unaukanyaga, jioni unaondoka nao. Ukichafuka ndio vizuri zaidi. Sisi mchoraji mwenye mfuko safi hatukumwamini.

Lakini kulikuwa na jambo jingine, ambalo nadhani wewe pia umelihisi jana ulipouvaa. Ukienda ofisini kwa watu na brifkesi, mlinzi anakuonyesha ngazi ya kwenda kwa mkubwa. Ukienda na bahasha ya kaki, anakuonyesha benchi. Mimi nikifika na mfuko wangu alikuwa hajui anionyeshe wapi, kwa hiyo alilazimika kuniuliza, "Wewe nani?" Nami nikajibu, "Mchoraji." Wauza vitunguu walinitania, "Kaka Shomari, umetumwa nazi?" Nilicheka nao. Mfuko ule ulinifanya niulizwe mimi ni nani, na nilikuwa na jibu. Wanaume wengi wa umri wangu hawakuwahi kuulizwa.

Ludovick alikuja kibarazani kwangu akiwa ametoka bara, hana ndugu mjini. Alikuwa na mkono mzuri wa herufi, mimi nilikuwa na mkono wa picha. Tukagawana kazi namna hiyo. Akila, anakula kwetu. Wewe ulikuwa ukimwita baba mdogo, na yeye ndiye aliyekufundisha kushika penseli isikuumize kidole. Jina lake hukulijua, na sura nadhani umeisahau. Ulikuwa na miaka minane alipoondoka kwetu.

Mifuko yetu ilining'inia msumari mmoja. Penseli yangu ikiisha naingiza mkono kwenye mfuko wake. Yeye akikosa burashi anaingiza mkono kwenye wangu, hata kama sipo. Hatukuwahi kuombana. Nilikuwa naona hiyo ndiyo sababu ya mfuko kutokuwa na kufuli, kwamba mtu wa kazi yetu hana cha kumficha mwenzake. Nilijivunia jambo hilo, nikawaambia na watu.

Ikaja ruksa, kila mtu akaachiwa kufanya biashara. Wewe umekua ndani yake, huwezi kuona ilivyoingia. Leo mtaa una duka moja la sabuni na foleni, kesho kila mwenye chumba cha mbele ametoboa dirisha anauza, na kila anayeuza anataka bango. Saluni, kaseti, vipuri, nguo za mitumba. Tulipanda ngazi kutwa. Wakati huo ndipo Bwana Jayanti, mwenye duka la vitambaa ng'ambo ya soko, aliponiita. Alikuwa Mhindu wa Upanga, mtu mpole, kila siku shati jeupe. Akaniambia, "Bwana Shomari, sasa naweza kuagiza kanga kutoka nje kwa michoro yangu mwenyewe. Sitaki michoro ya kule. Nataka mtu wa hapa achore. Ukiweza, jina lako liandikwe kwenye pindo."

Jina langu kwenye pindo la kanga! Mabango hayana jina la mchoraji, mwanangu. Unachora miaka kumi, mvua inafuta, na hakuna anayejua ulikuwepo.

Nilichora miezi miwili, jioni nikitoka kazini, pale pale mezani tunapolia chakula. Nilichora mabibo kama yale ya shambani kwa babu yako Kisarawe, yamening'inia na korosho zake, na pindo la majani. Maneno ya kanga alinipa mama yako. Sitayaandika hapa, ni yake, muulize mwenyewe. Siku aliponipa alicheka akasema, "Maneno yangu hayo, Baba Idrisa. Jina lako likikaa kwenye pindo, langu litakaa wapi?" Nikacheka pia. Kumbuka kicheko hicho, kwa sababu baadaye nilikigeuza kuwa ushahidi.

Siku moja kabla ya kumpelekea Bwana Jayanti, nilikwenda na mfuko kazini, michoro yote minne ndani. Alasiri nikaenda kuswali nikamwachia Ludovick kibaraza, kama kila siku. Jioni mjomba wako Hemedi alipita nyumbani kutoka Mchikichini anakouza viatu, akanywa chai, akaondoka. Asubuhi naingiza mkono mfukoni, hamna kitu.

Nilipindua nyumba. Kisha nikaenda kibarazani nikampindulia na Ludovick kila kitu, naye akanisaidia kutafuta. Alitafuta kwa bidii kweli, akapiga magoti akachungulia chini ya makopo ya rangi. Halafu akakaa chini akajifuta mikono, akasema taratibu:

"Kaka, sipendi kuingia kwenye nyumba ya mtu. Lakini asubuhi hii nilimwona Hemedi dukani kwa Jayanti. Alikuwa na karatasi za kuviringisha kwapani."

"Hemedi? Hemedi wa nini na karatasi?"

"Mimi sijui. Labda shemeji, dada yake, alimpa. Labda hakukusudia vibaya, alitaka tu na yeye apate chake kwa maneno yake ya kanga. Usimgombeze sana, kaka."

Usimgombeze sana. Alinipa hasira, kisha akaniomba niipunguze.

Sasa fika hapa na mimi, Idrisa, maana hapa ndipo ninapotaka unijue. Kutoka kibarazani kwetu hadi dukani kwa Bwana Jayanti ni kuvuka soko tu. Mtu mwenye mzigo kichwani anafika kabla jasho halijamtoka. Ningeweza kwenda nikauliza, "Kuna mtu kakuletea michoro ya mabibo?" Sikwenda. Niliona aibu kumuuliza mtu wa nje kama shemeji yangu ni mwizi. Kwenda kwa mke wangu kumwambia ni mwizi sikuona aibu.

Mama yako alikuwa anapepeta mchele. Nilisimama mlangoni na mfuko mtupu mkononi nikamwambia nipe michoro yangu. Akadhani natania. Nikamwambia nimeshayajua yake na Hemedi. Nikamwambia jina lako ulilokuwa unalitaka kwenye pindo umelipata sasa. Aliweka ungo chini.

"Nani kakwambia?"

"Nimejua."

"Nakuuliza nani kakwambia, Baba Idrisa."

Sikumtaja. Nilimlinda Ludovick! Nilisema siwezi kumtaja mtu aliyenisaidia. Mama yako hakulia. Akaingia ndani akafunga nguo zako na zake. Ulikuwa unarudi shuleni, akakushika mkono hapo hapo mlangoni.

Miezi mitano uliyokaa kwa babu yako Kisarawe, ukasoma shule ya kule, ukaniuliza kila nilipoleta matumizi mbona sikai, nilikwambia bibi anaumwa na mama anamuuguza. Bibi yako hakuwa anaumwa, alikuwa mzima akilima muhogo. Nilimdanganya mtoto na kumsingizia mzee ugonjwa. Hilo nalo lichukue kwangu leo, nimelibeba muda mrefu.

Ludovick alikaa kibarazani mwezi mmoja tu baada ya hapo. Akasema amepata kazi kwa watu wa matangazo, akaniaga vizuri, akaniachia makopo yake ya rangi. Nilimshukuru.

Kanga zilifika wakati wa kiangazi. Nilikuwa nabandika bango nikaona wanawake wawili wanatoka upande wa soko, kila mmoja amejitanda mabibo yangu. Nilishuka ngazi bila kujua nimeshukaje. Katika pembe moja nilikuwa nimekosea jani, nimelichora limegeukia chini wakati mengine yote yanatazama juu, na sikulirekebisha. Nikamfuata mmoja wao. "Dada, samahani, naomba nione pembe ya kanga yako." Akanitukana, na alikuwa na haki. Lakini nilikuwa nimeshaliona jani.

Nikavuka soko. Bwana Jayanti alifurahi kuniona, akaniambia, "Bwana Shomari, ulipotea! Ludovick aliniambia umeacha, kazi imekushinda, ukampa yeye amalizie." Akaenda nyuma ya duka akarudi na michoro, alikuwa ameihifadhi kwenye kabati. Nikaigeuza. Nyuma ya karatasi ya pili kulikuwa na mwandiko wako kwa penseli, jedwali la mara saba uliloliandikia mezani kwetu nilipokuwa nachora. Ulikuwa umekosea saba mara nane.

"Aliileta lini?" nikamuuliza.

"Ijumaa ile ile uliyosema utakuja. Asubuhi mapema, kabla sijafungua vizuri."

"Na Hemedi? Kijana mwembamba, anauza viatu Mchikichini. Alishawahi kuja hapa na karatasi?"

Bwana Jayanti akafikiri kwa uaminifu kabisa. "Hapana. Huyo simjui."

Kwenye pindo, mahali nilipoahidiwa jina langu, paliandikwa Ludo.

Nilimkuta ofisini kwake, ghorofa ya pili, kwenye mojawapo ya majengo mapya yaliyokuwa yanaota Kariakoo wakati ule. Alikuwa amevaa tai, na mfuko wake wa turubai umetundikwa nyuma ya kiti ili wageni wauone. Sikumpiga. Nilikwenda na nia ya kumpiga, lakini alisimama akanipa mkono kama ndugu, na mkono wangu ukaupokea kabla sijauzuia.

"Ludo, umenifanya nini?"

"Kaa, kaka."

"Sikai. Umenifanya nini?"

Akafunga mlango. "Mfuko ulikuwa wazi, kaka Shomari. Tumeingiza mikono humo miaka yote. Wewe ungekaa na michoro ile mpaka lini? Unarekebisha, unarekebisha. Sasa ni ruksa, kila mtu anachukua nafasi yake. Mimi nilichukua yangu."

"Na mke wangu?"

Hapo akainamisha macho. "Nilitaka muda tu. Nilijua utakwenda kwa Jayanti siku ile ile. Sikujua utamwamini mtu kama mimi dhidi ya shemeji."

Mpaka leo sijui kama maneno hayo yalikuwa toba au dharau. Nilishuka ngazi, kwa sababu alichosema kilikuwa kweli. Yeye aliniibia karatasi nne. Mama yako sikuibiwa na mtu. Nilimtoa mwenyewe.

Nilikwenda Kisarawe na wazee wawili. Tulikaa ukumbini na babu yako, wazee wakazungumza, nikakiri mbele yao kwamba nilidanganywa, nikampa Hemedi mkono. Mama yako aliitwa akasimama mlangoni. Nikamwambia, "Ukweli umejulikana. Twende nyumbani." Akajibu, "Nitarudi kwa sababu Idrisa amekuwa akikuulizia. Usije ukadhani ni jambo jingine." Akarudi. Umekulia kwenye nyumba ambayo baba na mama hawagombani, na watu wametusifu kwa hilo. Sasa unajua ukimya ule ulitoka wapi.

Mimi nikanunua brifkesi yenye kufuli la namba. Ulikuwa ukiichezea utotoni mwako, ukijaribu kubahatisha namba. Niliweka humo penseli zangu na karatasi na nikazifunga kila jioni, hakuna aliyeziona tena, na ilipofika mwaka wa pili hapakuwa na cha kuona. Nimechora mabango mpaka macho yakachoka, lakini mchoro wangu mwenyewe sijachora tangu mabibo. Ludovick hakunikataza. Nilidhani nimejilinda, kumbe nilikuwa nimemaliza kazi aliyoianza.

Ndiyo maana jana nilikufokea, na ndiyo maana nakuomba radhi. Mfuko umeuchagua kwa sababu zile zile nilizouchagua mimi, nazo zilikuwa sababu nzuri. Sitakwambia uuache, wala sitakwambia usiende. Mwezi mzima umesubiri kazi hii, na kalamu yako ni bora kuliko yangu ilivyowahi kuwa. Hata yeye ameliona hilo, alikuwa na jicho siku zote.

Sijui kwa nini amekuchukua. Alijua wewe ni mtoto wa nani, angeweza kuchukua kijana yeyote. Nimekesha na jambo hili, nikalipindua huku na huku. Labda anataka kunilipa. Labda amezoea tu kuchukua vya kwangu na hajaona tofauti. Utakaa naye wewe, utamjua kuliko mimi. Usimchukie kwa niaba yangu, hiyo ni kazi yangu na nimeifanya vya kutosha. Jifunze kwake herufi, hakuna anayemshinda. Ila mchoro wako uandike jina lako kabla rangi haijakauka, mbele yake, akiwa anatazama. Na siku atakapokuita pembeni akakwambia kwa upole jambo kuhusu mtu unayempenda, simama, toka nje, mwendee mtu huyo umuulize yeye mwenyewe. Hata kama ni mbali. Hata kama ni mimi.

Kabla sijaanza barua hii nilikwenda uani nikamwomba mama yako ruhusa, maana habari hii ni yake kuliko yangu. Alikuwa ameinamia kikaango. Nikamwambia, "Nataka kumwandikia mtoto yote. Ya Ludo, ya Kisarawe, yote."

Akageuza samaki mmoja, akageuza wa pili.

"Mwandikie," akasema. "Ila usimwandikie kwamba nilikusamehe."

Nikamuuliza, "Hukunisamehe, Zuhura? Miaka yote hii?"

"Hujawahi kuniomba, Baba Idrisa. Ulimwomba baba yangu. Ulimwomba Hemedi. Mimi uliniambia twende nyumbani."

Nimekaa na maneno hayo hapa mezani tangu ukurasa wa kwanza, na nimeandika yote haya nikitafuta pa kupitia, hakuna. Nasikia bado anakaanga. Naikunja barua hapa ilipofika niende uani, kabla hujarudi.

Baba yako,
Shomari